Gogo ni la Nani? Historia ya Umoja wa Wenye Viwanda vya Mbao na Fundisho Lake kwa Makada wa Chemba

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipotaja njia kuu za uchumi lilianza na ardhi, kisha likataja misitu, na baada ya hapo madini, maji, mafuta na umeme. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Makada wengi wanapoulizwa njia kuu za uchumi ni zipi hutaja haraka mabenki, viwanda na migodi, na misitu husahauliwa. Katika Wilaya ya Chemba usahaulifu huo ni hatari, kwa sababu mkulima wa Chemba hana benki wala mgodi. Ana ardhi, ana mifugo michache, na ana miti. Asipoelewa jinsi biashara ya miti ilivyopangwa na watu wengine kabla yake, atabaki mwuzaji wa gogo na mnunuzi wa kiti.

Makala hii inaeleza jinsi wenye viwanda vya mbao walivyojiunga, duniani na hapa kwetu. Jinsi Taifa lilivyojaribu kuichukua sekta hiyo kwa njia ya shirika la umma. Na fundisho tunalolipata kutokana na historia hiyo. Shabaha yake ni kumsaidia kada wa tawi na mwanafunzi wa siasa kujibu swali moja: gogo ni la nani, na nani anakula faida yake?

I. Umoja wa wenye mali ni nini?

Kwanza tutofautishe vyombo vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Shirika la umma ni mali ya Taifa, na mapato yake yanatakiwa kuwafikia wananchi wote kwa njia ya Serikali. Ushirika ni mali ya wanachama wanaofanya kazi au kuzalisha. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Umoja wa wenye viwanda au wafanyabiashara si mali ya Taifa wala ya wafanyakazi. Ni chombo ambacho wenye mitaji, ambao kwa kawaida hushindana, hukaa pamoja ili watetee yale wanayofanana: bei ya malighafi, kodi, vibali, nauli ya kusafirisha na vipimo vya bidhaa.

Hakuna ubaya katika watu kujiunga. Ubaya ni upande mmoja kujiunga wakati upande mwingine umetawanyika. Historia ya biashara ya mbao katika Ulaya inaonyesha jambo hili waziwazi. Wauzaji wa mbao wa Sweden waliunda umoja wao wa kuuza nje mwaka 1875. Wafanyabiashara wa mbao wa Uingereza, ambao walikuwa wanunuzi wakubwa, walijibu kwa kuunda shirikisho lao mwaka 1892. Baada ya hapo mwuzaji na mnunuzi walizungumza juu ya mikataba na madaraja ya ubora kila mmoja akiwa na nguvu nyuma yake.

Wakulima wadogo wa Sweden wenye vipande vya msitu walijikuta katikati. Viwanda viliwapangia bei, nao walikubali kwa kuwa kila mmoja alikuwa peke yake. Hatimaye walijifunza. Mwaka 1938 wakulima wa kusini mwa nchi hiyo waliunda ushirika uitwao Södra. Waliuza magogo kwa pamoja, kisha wakajenga viwanda vyao wenyewe vya mbao na vya malighafi ya karatasi. Leo ushirika huo una wanachama zaidi ya 50,000. Nchi ile ni ya kibepari. Lakini hata ndani ya ubepari mkulima hakupata haki yake kwa kuomba. Aliipata kwa kujipanga.

II. Misitu chini ya ukoloni

Katika nchi yetu wakoloni walianza na sheria kabla ya msumeno. Wajerumani walitunga sheria ya misitu mwaka 1904 na kuanza kutenga misitu ya hifadhi. Katika Usambara Magharibi kampuni ya Wilkins & Wiese ilipewa nafasi ya kukata miti ya Shume na kujenga njia ya waya ya kuteremsha magogo hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Kwa hiyo mti wa mlimani ulikuwa na njia ya kwenda bandarini kabla ya Mshambaa wa mlimani kuwa na njia ya kwenda hospitali.

Waingereza waliunda Idara ya Misitu mwaka 1921 na kuendelea na mtindo ule ule. Mwananchi aliyeishi kando ya msitu alizuiwa kukata bila kibali, na leseni kubwa zilikwenda kwa walowezi na kwa wafanyabiashara wenye mitaji. Mwafrika aliingia katika sekta hii kwa milango mitatu: kubeba magogo, kupasua mbao kwa msumeno wa mkono juu ya shimo, au kuwa seremala wa kutengeneza vitanda na milango. Milango yote mitatu ilikuwa ya jasho. Mlango wa nne, ule wa leseni, mashine na soko, ulifungwa.

Hapa ndipo mahusiano ya uzalishaji katika mbao yalipowekwa. Mwenye leseni alinunua haki ya msitu kutoka kwa Serikali ya kikoloni. Mwanakijiji, aliyeutunza msitu huo vizazi kwa vizazi, hakuhesabiwa katika mapatano hayo. Uhuru ulipofika mwaka 1961 tulirithi misitu, lakini tulirithi pia mpango huo.

III. Azimio na kuundwa kwa TWICO

Azimio la Arusha lilitaka kuuvunja mpango huo. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa Mwongozo wa TANU, liliundwa Shirika la Viwanda vya Mbao la Taifa, lililojulikana kwa kifupi chake TWICO. Kazi yake ilikuwa kusimamia na kuendeleza viwanda vya mbao kwa niaba ya umma. Miongoni mwa viwanda vilivyokuwa chini yake ni Sikh Saw Mills cha Tanga, kilichotengeneza mbao na plaiwudi. Fibreboards cha Arusha. Tembo Chipboards cha Mkumbara. Na kiwanda cha mbao cha Sao Hill katika Mufindi.

Wakati huo huo Taifa lilipanda miti. Shamba la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, lilipanuliwa sana baada ya Uhuru kwa misindano na mikaratusi hadi likawa shamba kubwa kuliko yote ya Serikali. Shabaha ilikuwa kuipatia nchi mbao, nguzo na karatasi bila kutegemea nje. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilianza kazi, kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka.

Kwa kipimo chochote hiyo ilikuwa hatua kubwa. Nchi ambayo miaka 25 nyuma haikuwa na mwananchi mwenye kiwanda kikubwa cha mbao sasa ilikuwa na shamba la miti, viwanda vya kupasulia, plaiwudi na karatasi, vyote mali ya umma. Makada wanaozungumza juu ya miaka ile kana kwamba yote yalikuwa makosa hawasemi kweli. Misindano inayokatwa leo Mufindi imetokana na uamuzi wa wakati ule.

IV. Kwa nini shirika lilianguka?

Hata hivyo mwana-itikadi hafichi ukweli. Viwanda vingi vya TWICO vilifanya kazi chini ya uwezo wake. Sababu za nje tunazijua: bei ya mafuta ilipanda katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978–1979 vilimaliza fedha za kigeni, na mashine zilizonunuliwa nje zilisimama kwa kukosa vipuri. Lakini zipo sababu za ndani ambazo ni lazima tuzitaje.

Sababu ya kwanza ni utegemezi. Tulitaifisha jengo, lakini msumeno, mtaalamu na kipuri viliendelea kutoka ng'ambo. Usambara Mashariki ni mfano mzuri. Kwa msaada wa Finland, Sikh Saw Mills kilivuna magogo kwa mitambo mikubwa katika misitu ya milima ile mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980. Mitambo ilikuwa na nguvu kuliko mlima. Kelele juu ya uharibifu wa msitu na vyanzo vya maji zilisababisha uchunguzi wa 1986–1987, na uvunaji huo ukasimamishwa. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mali ya umma ilikuwa imetumika kwa namna ya mwenye pupa, ingawa hapakuwa na bepari aliyeimiliki.

Sababu ya pili ni urasimu. Umma ulimiliki kiwanda kwa jina, lakini mwanakijiji aliyepakana na msitu na mfanyakazi aliyesimama kwenye msumeno hawakuwa na sauti katika mipango. Mwongozo ulikuwa umeagiza viongozi wasiwe mabwana na kazi isiendeshwe kwa amri tupu. Pale agizo hilo lilipodharauliwa, mfanyakazi aliona kiwanda kuwa cha Serikali, si chake, na mwanakijiji aliona msitu kuwa wa Idara, si wake.

Katika miaka ya 1990 siasa ya uchumi ilibadilika. Mashirika ya umma yaliwekwa katika mpango wa ubinafsishaji, na viwanda vya mbao vikawa miongoni mwao. Kiwanda cha mbao cha Sao Hill kilinunuliwa na kampuni ya Green Resources yenye asili ya Norway mwaka 2003. Mgololo, ambacho kilikuwa kimesimama, kiliuzwa mwaka 2004. Shamba la miti lilibaki la Serikali, na tangu 2011 linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Lakini msumeno ulikwenda kwa wenye mitaji.

V. Wenye viwanda wajiunga

Soko lilipofunguliwa, mamia ya wavunaji wadogo na wa kati waliingia Mufindi, Njombe na kaskazini, wengi wakiwa na mashine ndogo za kuhamishika. Magogo ya Serikali hayawatoshi wote. Basi kila mwaka swali ni lile lile: nani atapewa kitalu, kwa mita ngapi za ujazo, na kwa bei gani?

Swali hilo ndilo linalozaa umoja. Wavunaji walijiunga katika vyama vya maeneo yao, na vyama hivyo vikawa na shirikisho la kitaifa, SHIVIMITA, yaani shirikisho la viwanda vya misitu Tanzania. Chombo hiki huzungumza na Serikali juu ya mgao wa vitalu, bei ya magogo, tozo na mazingira ya kufanya kazi. Kada asikione kuwa adui. Wengi wa wanachama wa vyama hivi ni wananchi, wameajiri vijana, na mbao zao ndizo zinazopaua nyumba zetu. Lakini pia asikichukulie kuwa ni sauti ya kila mtu anayegusa mti. Umoja wa wenye misumeno husema kwa niaba ya misumeno. Hiyo ndiyo kazi yake, na inaifanya kwa haki. Kosa ni letu tunapodhani kwamba atakayezungumza kwa niaba ya msumeno atazungumza pia kwa niaba ya kijiji.

VI. Pale kijiji kinapokosa chombo

Matokeo ya kukosa chombo yalionekana kusini. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na misitu ya asili ya Rufiji, Kilwa na Lindi ikafikiwa na malori kwa urahisi. Biashara ya magogo ikapamba moto, soko kubwa likiwa Uchina. Uchunguzi uliochapishwa na shirika la TRAFFIC mwaka 2007 ulionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa katika halmashauri za wilaya ulipotea. Ulionyesha pia kwamba takwimu za Uchina za mbao zilizopokelewa kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa hapa kuwa zimetoka. Maana yake ni nyepesi: kati ya kila magogo kumi yaliyopokewa kule, tisa hayakuonekana katika vitabu vyetu.

Nani aliyapitisha? Mnunuzi alikuwa na mtandao. Mlanguzi alikuwa na gari na rafiki ofisini. Mwanakijiji alikuwa na panga na njaa. Aliuza mti uliochukua miaka 70 au zaidi kukua kwa fedha zisizomfikisha mwisho wa mwezi. Sheria haikukosekana: Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ilikuwapo. Kilichokosekana ni kijiji kilichojipanga kuitumia.

Pale vijiji vilipojipanga, mambo yalikuwa tofauti, na mifano iko karibu sana na Chemba. Katika Babati, vijiji vya Duru-Haitemba vilichukua usimamizi wa msitu wao mwaka 1994, wakati Serikali ilipokuwa ikitaka kuufanya hifadhi yake. Singida, vijiji vya Mgori vilifuata njia hiyo. Kiteto, vijiji vya Sunya, Lengatei na Dongo vilishika msitu wa SULEDO wenye zaidi ya hekta 160,000, na mwaka 2002 vikapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa mpingo wake, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika. Nao wakulima wa miti ya kupandwa wa Nyanda za Juu Kusini wameunganisha vikundi vyao katika umoja wa kitaifa uitwao TTGAU. Mkulima wa Tanzania, kama yule wa Sweden, ameanza kuelewa.

VII. Hali halisi ya Chemba na kazi ya kada

Chemba ilimegwa kutoka Kondoa na kuwa wilaya mwaka 2012. Watu wake, Warangi, Wasandawe, Waburunge, Wagogo na wengine, wanaijua gharama ya ardhi iliyovuliwa miti. Ni katika Kondoa ile ile ambako mmomonyoko ulifika mahali ambapo Serikali, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973, ililazimika mwaka 1979 kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika. Anayeuza msitu leo asidhani anauza magogo tu. Anauza pia mvua, asali na malisho.

Mambo mawili mapya yameongeza shinikizo. Barabara ya lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, nayo inapita katika wilaya. Na tangu uamuzi wa 2016 wa Serikali kuhamia Dodoma, mji huo unajengwa usiku na mchana. Mji unaojengwa unakula mbao, samani na mkaa. Daraja la Mkapa lilileta lori Kilwa. Lami imelileta lori Chemba.

Tuchukue gogo moja la mninga lililoanguka katika kijiji cha magharibi mwa wilaya. Likiondoka zima, kijiji kinapata bei ya gogo, au hakipati kitu kama limeondoka usiku. Likipasuliwa vibaya, sehemu kubwa inabaki chini kama mabanzi na vumbi. Likipasuliwa vizuri, likakaushwa kivulini na kupita katika randa ya seremala wa hapo hapo, linakwenda Dodoma likiwa mlango au kitanda. Thamani yote iliyoongezwa njiani ni ya jasho la nani? Ni ya yule aliyeshika msumeno na randa. Swali la siasa ni kama mtu huyo yuko Chemba au yuko mbali.

Kutokana na uchambuzi huu, kazi za kada katika tawi na kijiji ni hizi:

Kwanza, aeleze sheria. Kijiji kina haki ya kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji katika ardhi yake. Mkutano Mkuu wa Kijiji huamua, mipaka hupimwa, mpango wa usimamizi huandikwa, na sheria ndogo huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa msitu uliotengwa kwa utaratibu huo, kijiji hakidaiwi mrabaha wa Serikali kwa uvunaji wake. Msitu usiotengwa ni mali ya anayewahi.

Pili, awaunganishe mafundi. Seremala mmoja mmoja hawezi kununua mashine ya kuranda wala kupokea zabuni ya madawati. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inawaruhusu kujiunga. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imewekwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wapasua mbao na maseremala kina haki ya mikopo hiyo sawa na kikundi cha bodaboda.

Tatu, asimamie hesabu wazi. Mapato ya gogo yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu, kwa tarakimu, kila robo ya mwaka. Urasimu uliolidhoofisha shirika la umma unaweza kukiangusha hata chombo cha kijiji, kama mwenyekiti na mtendaji watageuka kuwa TWICO ndogo isiyoulizwa.

Nne, yeye mwenyewe asiwe mlanguzi. Kiongozi anayelipisha wanakijiji faini kwa mzigo wa kuni, na usiku anafungulia njia lori la magogo, amekwisha jitenga na wavuja jasho, hata kama kadi yake imelipiwa ada.

Hitimisho

Historia hii ina hatua tatu. Chini ya ukoloni msitu ulichukuliwa kwa sheria na mtaji. Chini ya shirika la umma ulirudi kwa Taifa, lakini haukumfikia vya kutosha mwanakijiji. Chini ya soko, wenye misumeno wamejiunga na kupaza sauti. Hatua ya nne bado haijaandikwa, na haitaandikwa Dar es Salaam wala Mafinga. Itaandikwa Farkwa, Kwamtoro, Mrijo na Goima, na watu watakaoamua kuwa gogo lisiondoke kijijini kabla halijalipa ada ya shule, dawa ya zahanati na jasho la fundi.

Azimio liliweka misitu mara tu baada ya ardhi. Kujitegemea katika Chemba kuanzie hapo: tawi liitishe mkutano, ramani ya kijiji itandikwe mezani, na swali liulizwe mbele ya wote: gogo ni la nani?